Udongo Haupakiwi kwa Pikapu

Huku Njiru udongo ni mweusi. Mvua ikinyesha unafura na kuganda viatuni. Jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Simamisha nguzo za grinihausi hapo bila kujipanga uone: udongo unazisukuma, unaziachilia, mpaka plastiki inararuka. Kwa hivyo kazi kubwa iko chini. Mashimo yaende kina, kokoto zishindiliwe, mtaro uzunguke, matuta yainuliwe, halafu samadi, msimu baada ya msimu.

Na wengi wetu tunakodi. Mwenye ploti akiamua kujenga fleti, nguzo na plastiki utapakia kwa pikapu uende. Udongo utabaki. Sasa huo ni wa nani?

Mimi nasema akulipe. Ati “ardhi ni yangu” haitoshi; alikukodisha madonge, unamrudishia shamba.

Lakini hoja hii inakata pande mbili, na hapo ndipo wenzangu hunyamaza. Nyanya zikirudiwa palepale huweza kuleta mnyauko wa bakteria, na bakteria hao hukaa udongoni miaka. Hao pia hawapakiwi. Kama nadai samadi niliyoacha, basi nadaiwa ugonjwa nilioacha, na anayenidai ni mtu nisiyemjua, atakayekodi baada yangu. Nikisema, mwenye ploti atapata sababu ya kuninyima fidia. Hata hivyo, huyo mgeni lazima aambiwe, tena kabla hajanunua miche.