Kasi ya Sekunde Moja

Mpendwa, kijana mmoja wa kwaya yetu alinunua kamera ya mtumba, Yashica-Mat 124 G, ile yenye lenzi mbili mbele, moja juu ya nyingine. Unaitazama kwa juu, umeinamisha kichwa, na sura ya unayempiga picha inatokea kiooni ikiwa imegeuzwa, kulia kumekuwa kushoto. Yashica wa Japani walianza kuitoa aina hii mwaka 1970 na wakaendelea nayo hadi 1986, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote leo ni mtu mzima. Inatumia filamu pana ya 120, na roli moja ni picha 12 tu za mraba. Hii ya kijana wetu ilikuwa ya mpiga picha wa studio aliyestaafu, na ilikaa kabatini miaka mingi ndani ya mkoba wake wa ngozi.

Roli ya kwanza iliporudi kutoka kusafishwa, picha za mchana nje ya kanisa zilikuwa nzuri ajabu. Za jioni, alizompiga bibi yake ndani ya nyumba, zilikuwa zimeungua kwa mwanga; karatasi nyeupe, hakuna bibi.

“Shikamoo, Mchungaji. Nimepigwa,” aliniambia amekunja uso.

“Marahaba, mwanangu. Fundi ameshaiona?”

Hakuwa ameiona. Tukaenda kwa mzee mmoja ambaye bado anatengeneza kamera za filamu, na kilichonipendeza ni kwamba hakukimbilia bisibisi. Aliufungua mgongo wa kamera, akaielekeza dirishani, akaweka kasi ya 1/500 na kubonyeza. Cha! Mwanga ukapita na kukatika. Akajaribu 1/250, kisha 1/125. Zote salama. Ndipo akateremsha hadi sekunde moja. Vile vibati vyembamba ndani ya lenzi vikafunguka, gia zikalia kwa uvivu, mlio ukafifia, na vibati vikabaki wazi. Mzee akatulia, anasubiri. Ilipita muda ndipo vikajifunga vyenyewe.

“Haijafa hii,” alisema. “Mafuta yameganda.”

Akatueleza. Kwenye kasi kubwa, springi huvisukuma vibati moja kwa moja, na nguvu yake hushinda uchafu. Kwenye kasi ndogo kuna msururu wa gia ndogo unaovizuia visifunge mapema, na mafuta ya zamani yakishakuwa gundi, gia hizo hukwama. Ndiyo maana mnunuzi akiijaribu haraka haraka, ataapa kwamba ni nzima. (Mshale wa kupimia mwanga nao haukucheza, lakini hapo tatizo lilikuwa kutu ya kijani kwenye kikalio cha betri. Sponji za kuzuia mwanga zilikuwa zimeyeyuka na kunata kama lami. Hayo hayakumshughulisha mzee hata kidogo.)

Nimeifikiria sana ile kasi ya sekunde moja.

Upendo wetu wa haraka, mpendwa, mara nyingi hauna shida. Tunasalimiana mlangoni mwa kanisa, tunatuma rambirambi kwa simu, tunaandika “pole sana” kwenye kundi la jumuiya. Ni mema hayo, na siyadharau. Lakini upo upendo unaotudai tubaki wazi kwa muda: kukaa na baba mzee anayerudia habari ileile, kumsikiliza mwenzi wako hadi mwisho bila kuandaa jibu, kumtazama usoni ndugu mliyegombania naye shamba. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama, na waliotuona Jumapili hawawezi kujua. Je, wewe unakwama wapi? Jibu taratibu. Hakuna anayekusimamia.

Na usijihukumu upesi. Mafuta yale yaliyoganda ndiyo yaliyotiwa kiwandani ili gia zicheze vizuri. Hayakuwa mabaya, yalikaa tu muda mrefu bila kazi. Huenda na moyo wako hukuufanya mgumu kwa kusudi. Huenda uliumizwa, ukaufunga ili upone, na miaka ikapita.

Mzee alituonya juu ya mambo mawili. Kwanza, kamera ikikwama usilazimishe mpini wake, maana utakata jino la gia. Nasi hulazimishana. Mtu bado anatokwa na machozi, tunamwambia, “Samehe, wewe si umeokoka?” Pili, usitie mafuta ya cherehani juu ya yale ya zamani. Gia zitacheza wiki moja, kisha mafuta hayo yatatambaa hadi kwenye vibati na kuvigandisha kabisa. Lazima uchafu uoshwe kwanza, ndipo tone dogo litiwe mahali panapostahili. Nimeona suluhu nyingi za familia zilizokuwa mafuta ya cherehani. Wazee wanasema yaishe, watu wanashikana mikono, pilau inaliwa, na hakuna hata mmoja aliyetamka kilichomuumiza. Kukitamka mbele za Mungu, na kwa mtu unayemwamini, ni sehemu ya kusamehe. Wala si kazi ya alasiri moja.

Mkumbuke yule kipofu wa Bethsaida katika Injili ya Marko, sura ya 8. Yesu alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, mbali na watazamaji. Alipomgusa mara ya kwanza, mtu yule aliona, lakini kwa ukungu. Alipoulizwa, akasema kweli, hakujifanya amepona. Na Bwana hakumkemea kwa imani haba, alimgusa tena. Ingekuwa mimi au wewe, tungethubutu kusema bado hatuoni vizuri?

Kamera ilisafishwa, na mzee alipoirudisha alimpa kijana agizo moja: kila wiki, hata kama hana filamu, aizungushe na kuibonyeza kwenye kasi zote, hasa zile ndogo.

Basi wiki hii, mpendwa, chagua mtu mmoja anayehitaji muda wako kuliko pesa zako, uende ukakae naye bila kutazama simu. Na kama mtu huyo ni yule mliyekosana naye, na bado huwezi kukaa naye, anza kwa kumtaja kwa jina katika sala kila asubuhi, hata kama sala yenyewe itakukwama katikati.