Ubeti Alioacha Marehemu

Mtu akifa na kazi yake i nusu, je, walio hai wana haki ya kuimaliza? Swali hili ni kongwe katika ushairi wetu. Hapa twapenda kulitazama kwa njia ya santuri iliyotengenezwa mbali na pwani hii, ijapokuwa mwimbaji wake alizaliwa kwetu.

Freddie Mercury, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, katika nyumba ya Waparsi. Mwaka 1964 jamaa zake walihamia Uingereza, na huko mwaka 1970 akaungana na wenzake katika bendi ya Queen, wapigaji wa muziki wa roki wenye kishindo. Hakuimba kwa Kiswahili, wala hatumdai.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Miaka minne baadaye wenzake watatu, Brian May, Roger Taylor na John Deacon, walitoa albamu iitwayo Made in Heaven, yenye sauti yake. Wako waliouliza kama hiyo si biashara ya kaburi. Nasi twaona swali hilo ni la haki.

Yatupasa kupambanua. Katika miezi yake ya mwisho, huko Montreux, Uswisi, Mercury aliwataka wenzake wamwandikie maneno yoyote ayaimbe upesi, na muziki wataumaliza wenyewe atakapokuwa hayupo. Ndivyo asimuliavyo May. Huo ni wasia kamili, wa mtu aliyejua kuwa siku zake zahesabika. Katika wimbo wa Mother Love, uliorekodiwa Mei 1991, aliimba beti zake mpaka akachoka, akasema ubeti wa mwisho atarudi kuuimba. Hakurudi. Ubeti huo unaimbwa na May, mpiga gitaa, kwa sauti yake mwenyewe. Msikilizaji asikia bayana kwamba mmoja amenyamaza na mwingine ameshika. Hatujui uaminifu mkubwa kuliko huo katika kazi ya sanaa.

Lakini si albamu yote iliyo hivyo. Wimbo wenyewe wa Made in Heaven, pamoja na I Was Born to Love You, zilikwisha kutoka mwaka 1985 katika albamu aliyoitoa peke yake, Mr. Bad Guy. Wenzake waliichukua sauti, wakauondoa muziki aliouchagua yeye, wakaivisha wao. Kwa masikio yetu vazi jipya limependeza kuliko la kwanza. Hata hivyo uzuri si ruhusa.

Hapa mjuzi wa tungo atatupinga. Atatukumbusha Sayyid Abdallah bin Nasir wa Pate, aliyetunga takhmisa juu ya shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, akiongeza mishororo mitatu kwa kila miwili ya mwenyewe. Liyongo alikwisha kufa zamani; nani alimpa ruhusa? Kweli, hakuna. Ila takhmisa haimwondolei wa kwanza hata neno. Miwili ya Liyongo yakaa mahali pake, mitatu ya Sayyid Abdallah yatangulia, na kila ajuaye sanaa hiyo auona mshono. Mwenye kuongeza amejitaja kwa umbo lenyewe la shairi. Kwa hiyo twadhani wasia ni jambo jema, lakini mshono ulio wazi ni jambo la lazima zaidi, maana marehemu hawezi kukana asichokisema.

Twaandika haya si kwa kumhukumu mtu wa mbali. Miaka mingi iliyopita jamaa za mshairi mmoja, rafiki yetu, walituletea daftari lake. Shairi la mwisho, alilomtungia mkewe, lilikuwa limekatika katikati. Wakatuomba tulimalize, lisomwe siku ya arobaini. Tuliongeza beti mbili, tukafuata vina vyake, mizani yake, hata tabia yake ya kupenda neno "hakika." Tulifanya kazi nzuri mno. Likasomwa lote kwa jina lake, na mjane akalia katika beti ile ya mwisho, akisema kwamba sasa amejua yaliyokuwa moyoni mwa mumewe.

Hatukusema neno siku ile. Mama huyo angali hai, na shairi limetundikwa ukutani kwake.