Sumu Iliyomo Katika Ua la Pareto

Katika vilima vya Kisii na Nyamira, ambako baridi ya usiku ndiyo ilifanyayo shina la pareto kutoa vitumba, ua hili jeupe lenye kitovu cha manjano, ambalo asili yake ni pwani ya Dalmatia, huchanua miaka mitatu au zaidi kwa kipandikizi kimoja kilichobanduliwa katika shina kuukuu. Mchumaji hulikata kwa vidole viwili pasipo kikonyo, siku petali zake zinapokuwa zimelala sawa, kwa kuwa hapo ndipo sumu yake imekolea. Na sumu hiyo haimo katika mzizi, na katika jani ni kidogo tu, bali karibu yote imo katika ua lenyewe, hasa katika vijimbegu vilivyofichwa chini ya ile manjano. Je, Mwenyezi Mungu, aliyeuweka uzuri na hilaki katika nyumba moja, ametuhalalishia kuua wadudu kwa sumu hiyo?

Wako wasemao kwamba mbu naye ni kiumbe, na kumtoa roho ni dhuluma. Siwadharau, lakini aliyekesha na mtoto mwenye malaria, maradhi ambayo katika nyanda hizi za juu huzuka ghafula baada ya mvua nyingi na kuwakuta watu wasio na kinga, anafahamu kwamba kumhami mtoto yule ni faradhi. Kwa rai yangu, uhalali hautafutwi katika nguvu ya sumu, hutafutwa katika mpaka wake. Sumu ya pareto humpooza mdudu mishipa ya fahamu, hali mwili wa mwanadamu huivunja upesi, na ikipigwa na jua hupotea kwa muda mfupi. Haifanani na DDT, ambayo hukaa udongoni miaka na miaka ikiwadhuru wasiokuwamo.

Hata hivyo mpaka huo haukutimia, maana dawa hii haibagui mbu na nyuki, na ikiingia mtoni huwaangamiza samaki. Sehemu ya mizani iliyosalia Muumba ameiacha mikononi mwetu. Mkulima angojaye jioni, nyuki wamekwisha kurejea mzingani, ndipo anyunyize, na yule aoshaye bomba lake mbali na maji ya mto Gucha, hao nawahesabu katika watu wa ibada sawa na waliopiga magoti kanisani. Nami ningependa wahubiri wetu, wasimuliapo habari za maua ya kondeni, walitaje na la pareto kwa jina lake.