Kuamsha, Kurudi na Kufufua



Neno "kufufua" limekuwa jepesi mno vinywani mwetu. Tufufue kwaya, tufufue Umoja wa Akina Mama, tufufue mtaa. Mwalimu akistaafu hubaki na tabia ya kusahihisha, mtanivumilia.

Tuyaweke maneno katika sentensi. "Mama amemwamsha mtoto." Mtoto alikuwa hai, amelala tu, sauti moja yatosha. "Mvuvi amerudi." Alikwenda, sasa yupo tena, na ni yule yule. "Yesu alimfufua Lazaro." Hapa mambo ni mengine kabisa, maana palikuwa na maiti, siku 4 kaburini. Lisikilizeni neno lenyewe: mna "mfu" tumboni mwake. Huwezi kuomba kitu kifufuliwe huku ukikana kwamba kimekufa.

Blasio Kigozi, Mganda aliyefundisha wainjilisti kule Gahini, Rwanda, alilijua hilo. Alitaka sinodi ya Uganda ijiulize kwa nini Kanisa limepoa, tena limekufa. Hakusema "limepungua". Alifariki Januari 1936, kabla hajasimama mbele yao, lakini neno lake la Kiganda, "Zukuka", yaani amka, likaenea, na Uamsho ukavuka mipaka hadi Tanganyika na Kenya. Watu waliungama wizi wakarudisha mali. Hesabu ya viti vilivyojaa ilikuja baadaye.

Sisi wachache wa huku Kiuyu, tukisema "tufufue", mara nyingi maana yetu ni "turudishe": nyimbo zile zile, watu wale wale, heshima ile ile tuliyokuwa nayo. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika zaidi. Mwenye shamba kule hakusimama kuuita mti ulioanguka urudi. Alipanda mche, akangoja miaka kabla ya kuchuma. Hata hivyo Unguja haikurudi ilivyokuwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa karafuu nyingi zaidi. Hilo nalo tulikubali, kwamba Mungu aweza kutupa uhai bila kuturudishia ukubwa wa zamani.

Sasa sarufi kidogo. "Fufuka" humficha mtendaji, "fufuliwa" humdai. Ukisema "mtaa umefufuliwa", mwanafunzi mzuri atauliza: na nani? Ukijibu "na kamati", umekosea sentensi, hata kama kamati imefanya kazi nzuri ya kuchangisha fedha za bati.

Lakini msinisikie vibaya, kana kwamba tukae tu. Someni Yohana 11. Yesu peke yake ndiye aliyemwita Lazaro, naye akatoka bado amefungwa sanda mikono na miguu. Kumfungua waliambiwa waliokuwa wamesimama pale. Kazi hiyo si ya kupendeza. Sanda ya siku 4 ina harufu. Wako kati yetu waliokwisha kuitwa na Bwana, nasi bado tunawafunga kwa habari za ugomvi wa miaka mingi, nani alimtukana nani, shamba lilikuwa la nani. Wanatoka, wanajikwaa mlangoni, wanarudi nyumbani.

Kabla ya Komunyo ya Jumapili ijayo, kila nyumba na iandike sentensi moja yenye neno "kufungua", na ndani yake liwemo jina la mtu. Msiniletee mimi nisahihishe. Mpelekeeni mwenye jina.