Tapeli Akikuambia "Najua Siri Yako"



Kijana mmoja alinifuata baada ya Misa, simu mkononi, uso umemsawijika. "Frateri, nimekwisha." Alikuwa amepokea barua pepe, na kichwa cha barua kilikuwa paswedi yake, ya kweli kabisa. Chini yake mtu asiyejulikana alidai ameingia kwenye kompyuta yake na kumrekodi kwa kamera akiangalia video chafu. Asipolipa kwa Bitcoin, video itatumwa kwa watu wote anaowafahamu.

Kwanza tuelewe mchezo wenyewe. Barua za namna hii zilisambaa sana kuanzia mwaka 2018, na hutumwa kwa watu wengi kwa mpigo. Paswedi kwa kawaida hutoka kwenye tovuti uliyojisajili zamani, ikaibiwa. LinkedIn, kwa mfano, iliibiwa mwaka 2012, na mwaka 2016 ikajulikana kwamba akaunti zaidi ya milioni 100 ziliguswa. Tapeli anachukua orodha kama hizo na kubahatisha. Video hana.

Sasa, kama ni uongo, mbona tunatetemeka? Kijana yule alinijibu kwa sauti ya chini: "Labda video hana. Lakini mambo yenyewe, Frateri, nimeyafanya."

Hapo ndipo penye swali. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaiweka aibu miongoni mwa aina za hofu. Majuto ni kitu kingine. Aibu inauliza: nani ameniona? Majuto yanauliza: nimemkosea nani? Unaweza kuwa na aibu nyingi bila majuto hata kidogo, na tapeli anafanya biashara na aibu peke yake. Ukimlipa, dhambi yako iko palepale. Umenunua giza tu, na muuza giza hurudi kesho na bei mpya.

Kitabu cha Ufunuo kinamwita Shetani mshtaki. Kazi yake ni hiyohiyo: anashika kipande kimoja cha ukweli juu yako, anakibebesha uongo mkubwa, kwamba umekwisha. Mungu anajua yote, si paswedi tu, na bado anakuita mwanae. Tapeli anataka pesa ili anyamaze. Padre ananyamaza bure, kwa sababu siri ya kitubio haivunjwi hata kwa tishio la kifo.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili. La tapeli: usilipe, usijibu, badilisha paswedi hiyo kila mahali unapoitumia, washa uthibitisho wa hatua mbili. La dhamiri: lipeleke kwenye kitubio, si kwa sababu umetishwa, bali kwa sababu ni kweli.

Na kama mtu ana picha zako za kweli? Bado usilipe. Tunza ujumbe wake kama ushahidi, mwambie mtu mzima unayemwamini, nenda polisi. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aliyekutishia ndiye mhalifu, hata kama na wewe ulikosea.

Kijana yule alibadilisha paswedi tukiwa tumesimama palepale. Jumamosi nilimwona kwenye foleni ya kitubio. Sikumuuliza kitu. Nami nilikuwa kwenye foleni hiyohiyo.