Deni la Ukuta wa Nje

Ukuta wa nje wa nyumba hutazamwa zaidi na wasiolala ndani yake. Mwenyewe huuona akitoka na akirudi. Jirani wa mkabala huuona kutwa. Plasta kuukuu inapobanduliwa na ukuta kuvikwa kitu kipya, huzuka swali la maadili ambalo fundi halimalizi: je, nyumba imetunzwa au imefichwa? Na fundi akishalipwa na kuondoka, nani anadaiwa kuutunza uso huo, na anadaiwa na nani? Mitaa ya Eastlands, Nairobi, inafaa kuchunguzia maswali haya, kwa kuwa karibu kila namna ya kumiliki nyumba mjini inapatikana huko.

Katika mtaa wa Majengo, Pumwani, wenyeji walijijengea nyumba za miti na udongo katika miaka ya 1920, nyingi zikaja kupakwa saruji baadaye. Kaloleni ilijengwa na manispaa katika miaka ya 1940, kwa kuta za mawe na mapaa ya vigae, na wakazi wake wamekuwa wapangaji tangu wakati huo. Buruburu ilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970 ili iuzwe kwa mikopo kwa watu wa mshahara. Dandora, katika mradi wa Benki ya Dunia wa miaka hiyo hiyo, watu walipewa ploti 6,000 zenye maji na bomba la majitaka, kila mmoja akajenga kwa uwezo wake. Kwa hiyo ukuta wa nje huweza kuwa wa kaunti, wa mwenye ploti anayeishi mbali, wa familia iliyomaliza mkopo wake zamani, au wa warithi ambao hawajagawana.

Chini ya kuta hizo zote kuna tatizo moja. Sehemu kubwa ya Eastlands iko juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hufura unapolowa na kunywea unapokauka. Msingi usiofika kwenye mwamba hupanda na kushuka pamoja na udongo huo, na plasta, ambayo haijui kunyumbuka, hupasuka. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huingia kwenye nyufa. Jua la baadaye hulikausha tabaka la juu kabla ya ukuta wenyewe kukauka. Baada ya miaka, plasta hutengana na jiwe. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole hutoa mlio wa utupu. Hapo ndipo wengi huamua kuibandua yote na kuweka plasta mpya, vigae vya ukutani, au vipande vya jiwe la mazeras kutoka Pwani.

Jibu la haraka katika mapokeo ya dini ni lile la kuushuku uso. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, Yesu anawafananisha wanafiki na makaburi yaliyopakwa chokaa, mazuri kwa nje na machafu kwa ndani. Nabii Ezekieli, sura ya 13, anawashutumu manabii ambao watu wakijenga ukuta dhaifu, wao huupaka chokaa, na anawatangazia mvua itakayouangusha mbele ya macho yao. Anayeyasoma maandiko haya peke yake anaweza kudhani kwamba kila rangi mpya ni uongo na kwamba ukuta mchakavu ni mnyofu kuliko ukuta uliopambwa.

Hata hivyo, shutuma hizo hazielekezwi kwa chokaa yenyewe. Ezekieli analaumu chokaa iliyowekwa badala ya ukaguzi. Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi katika Mambo ya Walawi, sura ya 14, penye sheria ya nyumba iliyoingiwa na pigo. Mwenye nyumba akiona mabaka ya kijani au mekundu yaliyozama ukutani, anampasha kuhani habari. Kuhani anaagiza vyombo vitolewe kwanza, anakagua, anaifunga nyumba siku saba, kisha anarudi. Mabaka yakiwa yameenea, mawe yenye pigo hung'olewa, plasta hukwanguliwa na kutupwa nje ya mji, na ukuta hutiwa mawe mengine na plasta nyingine. Baada ya hapo kuhani anarudi tena. Pigo likiwa limezuka upya, nyumba hubomolewa. Likiwa halikuenea, hutangazwa kuwa safi.

Sheria hiyo inahusu kuta za ndani, lakini mpangilio wake unafaa kwa ukuta wowote. Plasta mpya haikatazwi, ila inakuja baada ya jiwe bovu kutolewa, si badala ya kulitoa. Pia haimalizi shauri. Kuhani anarudi kwa sababu tabaka jipya ni jaribio: litaonyesha kama ugonjwa ulikuwa juu juu au ndani. Kwa mtazamo huu, ukweli wa ukuta uliovikwa upya haupimwi siku ya kukamilika kwa kazi. Unapimwa na kinachofanyika mvua zinazofuata.

Ndiyo maana utunzaji wa kawaida, unaoonekana kuwa suala la ufundi tu, una uzito wa kimaadili. Plasta mpya humwagiliwa maji kwa siku kadhaa, takriban wiki nzima, ili saruji ikomae. Kabla ya masika na kabla ya vuli, gata huzibuliwa, kwa kuwa maji yanayofurika kutoka paani huharibu ukuta kuliko mvua inayoupiga moja kwa moja. Udongo na takataka havilundikwi chini ya ukuta. Nyufa nyembamba kama unywele huzibwa mapema. Ufa unaozibwa na kurudi palepale, au unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, ni habari kutoka kwenye msingi, na kuupaka rangi ni kuinyamazisha habari hiyo. Vipande vya mazeras huoshwa kwa brashi laini na sabuni, si kwa asidi, ambayo hula saruji ya viungo. Chumvi nyeupe ikijitokeza juu ya jiwe, maji yanapita nyuma yake, na kuisugua bila kutafuta njia ya maji hakusaidii. Katika kila hatua kuna chaguo lilelile: kuusoma uso kama ushahidi wa kilicho nyuma, au kuutumia kukizima.

Methali inayosemwa sana kuhusu haya, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, ni ya hesabu: inaonya kwamba uzembe ni ghali. Lakini inachukulia kwamba mwenye ufa ndiye atakayejenga. Katika nyumba za Buruburu zinazoshikana, maji yanayoingia kwenye kiungo kilichofunguka upande mmoja huweza kutokea sebuleni kwa jirani. Katika ghorofa za kupangisha za Umoja na Kayole, mwenye ploti hapotezi usingizi kwa unyevu wa chumba cha chini. Anayekohoa ni mpangaji. Gharama ikimwangukia mwingine, hesabu ya methali haitoshi. Panahitajika wajibu.

Wajibu huo umeelezwa na dini zote mbili zenye waumini wengi Eastlands. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwamuru ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi walichambua kisa cha ukuta ulioinama kuelekea njiani: mwenyewe akionywa, akapata muda wa kuurekebisha na asifanye, hulipa fidia kwa utakachokiharibu ukianguka. Hukumu hiyo inagawa wajibu kwa busara. Mwenye mali anadaiwa matengenezo. Anayeiona hatari anadaiwa onyo. Mpangaji au kereteka anayeuona ufa na kunyamaza hajawa mkosaji kama mwenye nyumba, lakini naye ana sehemu yake.

Surat al-Kahf inakwenda mbali zaidi. Nabii Musa na mwenzake, ambaye mapokeo humwita Khidhri, wanafika katika mji ambao watu wake wamewanyima chakula. Huko mwenzake anausimamisha ukuta unaotaka kuanguka, bila ujira. Musa anashangaa, baadaye anaelezwa kwamba ukuta ni wa mayatima wawili na chini yake kuna hazina yao. Hapa ukuta unatengenezwa na asiyeumiliki, kwa faida ya wasioweza kuutunza bado. Kisa hicho kinaonyesha kwamba haki ya kutunziwa ukuta haitegemei uwezo wa kulipa. Hakimwondolei mwenye uwezo deni lake, wala hakiwataki wapangaji wa Kaloleni wawe Khidhri wa kaunti, inayopokea kodi yao kila mwezi.

Mpaka wa fikra hizi lazima uwekwe wazi: haziwalaumu wanaoumizwa na jengo bovu. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 40. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mnara wa Siloamu unapoua watu 18, Yesu anakana kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wengine. Mpangaji hakuchagua nondo wala msingi. Alichoweza kukiona alipokuja kutafuta chumba ni uso wa jengo. Kwa sababu hiyo uso ni aina ya ushuhuda unaotolewa kwa mtu asiye na namna nyingine ya kujua, na anayeupamba huku akijua ubovu ulio nyuma anatoa ushuhuda wa uongo.

Kwa hiyo kuvika ukuta upya si sifa wala si hila. Huwa hila pale uso unapochukua nafasi ya ukaguzi, na huwa utunzaji pale unapouendeleza. Deni lake lina ngazi: kwanza kwa wanaolala ndani, kisha kwa jirani ambaye ukuta wake umeshikana na huo, mwisho kwa mpita njia na macho yake. Wenye nyumba wengi huanza na ngazi ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa. Pesa zikiwa hazitoshi kwa zote, msingi na gata hutangulia, na mazeras husubiri.