DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 20: Asubuhi ya mtu mwenye shughuli

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Najua wengi mlitarajia leo tuzungumzie Lailatul Qadri. Hiyo kesho, inshaallah. Leo nina swali la dada mmoja. Nalijibu hapa bila kutaja jina, maana naamini ni swali la wengi. Anasema hivi:

_Sheikh, mnatuambia tuwe na nyiradi za asubuhi, tusome Qur'ani baada ya Alfajiri, tukae mpaka jua litoke. Mimi saa 9 usiku niko jikoni. Daku likiisha naosha vyombo, naswali haraka haraka, naandaa watoto wa shule, saa 1 natakiwa niwe nimefungua genge. Asubuhi yangu iko wapi? Na Ramadhani ikiisha, hata hii Alfajiri ya kwa wakati najua itanishinda, kama mwaka jana._

Dada yangu, Mwenyezi Mungu akulipe kwa kuuliza. Umeuliza mambo mawili: utaipata wapi asubuhi, na utaibakisha vipi baada ya Idd. Hilo la pili ndilo linalotuumiza wengi. Hali tunaijua. Ramadhani msikiti unajaa Alfajiri, lakini Idd ikipita wiki moja tu, imamu akigeuka anaona nusu safu.

*Kwanza: asubuhi tayari unayo*

Hebu tuanze na kilichopo. Siku 20 sasa umeamka kabla ya Alfajiri. Hukufundishwa na mtu, hukulipa ada, hukununua kitabu. Wewe unayesema huna asubuhi umeamka saa 9 mara 20 mfululizo, tena kwa baridi hii ya Hanang na upepo wake. Kwa hiyo uwezo upo. Cha kujiuliza ni hiki: Ramadhani ilikusaidia kwa lipi, hata likawa jepesi jambo ambalo miezi mingine ni zito?

Mimi naona mambo matatu. La kwanza, muda haujadiliwi. Alfajiri ikiingia imeingia, huwezi kuiambia isubiri. La pili, nyumba nzima iko pamoja nawe. La tatu, kazi yenyewe inajulikana: kula, acha kula, swali. Hukai kitandani ukiwaza leo nianze na lipi.

Basi tukitaka asubuhi idumu baada ya Ramadhani, tuyachukue haya matatu: muda usiojadiliwa, nyumba inayosaidiana, na jambo dogo linalojulikana.

*Muda usiojadiliwa*

Muislamu hahitaji kubuni saa ya kuamka, ameshapewa: Swala ya Alfajiri. Na sisi wa huku karibu na ikweta tumerahisishiwa. Ndugu zetu walioko London, majira ya baridi jua linawatokea saa 2 asubuhi imepita, na majira ya joto linatoka hata saa 11 alfajiri haijafika. Ratiba yao inabidi ibadilike mwaka mzima. Kwetu Basotu, tofauti ya mwezi mmoja na mwingine ni ya dakika tu. Ukiizoea Alfajiri ya Ramadhani, umeizoea Alfajiri ya mwaka mzima.

Na toka inapoingia Alfajiri mpaka jua kuchomoza, kwetu ni zaidi ya saa nzima. Sisemi saa nzima hiyo ni yako, najua jikoni kunakuita. Nasema ndani yake dakika 10 zinapatikana.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba mtu akilala shetani humfunga mafundo 3 kisogoni. Akiamka akamtaja Mwenyezi Mungu, fundo moja linafunguka. Akitawadha, la pili linafunguka. Akiswali, la tatu linafunguka, na anaingia asubuhi akiwa mchangamfu na nafsi yake nzuri. Asipofanya hivyo, anaamka mzito na mvivu.

Angalieni mpangilio ule: dhikri, udhu, swala. Hakuna hapo jambo la kumshinda mama mwenye genge wala kijana wa bodaboda. Mkono usitangulie kwenye simu, ulimi utangulie kwenye kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyekurudishia roho yako. Simu ina jumbe za jana, madeni, picha za watu na maneno ya watu. Ukianza nayo umekabidhi asubuhi yako kwa wengine kabla hata hujanawa uso. Ndiyo maana darasa hili nalituma baada ya Alasiri. Sitaki niwe mimi wa kwanza kukushikisha simu Alfajiri.

*Jambo dogo linalojulikana*

Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Mtu anasikia mawaidha ya asubuhi ya mwanachuoni fulani: juzuu zima, nyiradi ndefu, Dhuha rakaa 8. Anaichukua kama ilivyo, siku ya 4 amechoka, siku ya 6 ameacha vyote.

Wazee wa Basotu mnakumbuka mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyosaidiwa na Canada kuanzia miaka ya 1970. Mitambo mikubwa, trekta na mashine za kuvunia. Mashine ya namna ile inalima eneo kubwa, lakini inataka dizeli, inataka spea, inataka fundi. Mkulima mwenye jembe la kukokotwa na ng'ombe analima kidogo, ila jembe lake likiharibika analitengeneza hapa hapa kijijini. Ibada ya kuazima kwa mtu ambaye maisha yake si kama yako ni mashine isiyo na spea. Ikiharibika siku moja, unaiacha shambani.

Mtume (s.a.w.) ametuambia kwamba amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata kama ni chache. Basi chagua chache yako kulingana na kazi yako:

▪️ *Mama wa jikoni na gengeni.* Uji unachemka, mkono unakoroga, ulimi uko huru. Nyiradi za asubuhi hazidai ukae kwenye mswala, wala hazidai udhu. Hata siku ambazo huswali kwa sababu ya ada ya mwezi, dhikri yako haikatiki. Usijione uko nje ya asubuhi ya waumini.

▪️ *Kijana wa bodaboda.* Kabla hujawasha pikipiki, soma Ayatul Kursiy na Qul tatu. Ni dakika chache tu. Halafu ndiyo uende kijiweni.

▪️ *Mfugaji.* Ng'ombe hajui kama leo umechoka, na maziwa hayakamuliwi saa 4. Majirani zetu Wabarabaig na Wairaqw wanalijua hilo vizuri. Wewe tayari ni mtu wa asubuhi. Tanguliza rakaa 2 za sunna kabla ya faradhi ya Alfajiri, zile ambazo Mtume (s.a.w.) amesema ni bora kuliko dunia na vilivyomo. Kisha nenda zizini.

▪️ *Mvuvi wa ziwani.* Ukitoka usiku, beba maji ya udhu au tumia ya ziwa, jua upande wa Kibla, na swali pale pale ulipo. Usiseme nitaswali nikirudi, wakati unajua kurudi kwako jua limeshapanda.

▪️ *Mwalimu, mwanafunzi, mtumishi.* Ukurasa 1 wa Qur'ani baada ya Alfajiri. Msahafu wa Madina una kurasa 604. Ukurasa 1 kila siku, ndani ya miezi 20 hivi umehitimu, na hukuchelewa kazini hata siku moja.

Na nyinyi wafanyabiashara msisahau: Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika mapema ya siku. Aliyeipokea hadithi hiyo ni Sakhr al-Ghamidi, naye alikuwa mfanyabiashara. Akawa anatuma bidhaa zake mwanzo wa mchana, na mali yake ikazidi. Kwa hiyo anayekwenda mapema kwenye riziki yake baada ya kuswali hajaikimbia baraka, ameifuata.

*Nyumba inayosaidiana*

Hapa naomba niseme na wanaume wenzangu, na ninalisema kwa mapenzi.

Dada yetu ameuliza asubuhi yake iko wapi. Tumjibu ukweli: sehemu ya asubuhi yake tunayo sisi. Anaamka saa 9, sisi tunaamshwa saa 10 na nusu chakula kiko mezani. Tunakula, tunatawadha, tunakwenda msikitini, tunakaa kwa utulivu na tasbihi. Yeye anabaki na masufuria. Halafu tunamuuliza mbona hasomi Qur'ani.

Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika anatoka kwenda kuswali. Huyo ndiye Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye umma mzima wa kuongoza. Sasa wewe baba una shughuli gani ya kukuzuia kuchota maji, kuwasha jiko, au kumvalisha mtoto mmoja viatu? Vijana wakubwa waoshe vyombo vya daku. Robo saa mtakayompa mama yenu ndiyo asubuhi anayoitafuta, na thawabu yake mtashirikiana naye.

*Asubuhi inaanza usiku*

Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Anayekesha kwenye simu mpaka saa 7 asimlaumu shetani peke yake Alfajiri. Baada ya tarawehe, loweka maharage ya kesho, panga sare za watoto, weka ndoo ya maji mahali pake, funga simu, lala. Kila kilichotengenezwa usiku ni dakika iliyookolewa asubuhi.

Na kuna zawadi ya pekee kwa wanaochoka na kazi za nyumbani. Bibi Fatima (r.a.), binti wa Mtume, mikono yake iliumia kwa kusaga nafaka. Alikwenda kuomba mtumishi wa kumsaidia. Baba yake akamfundisha kwamba wanapokwenda kulala, yeye na Ali (r.a.), waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, akawaambia hilo ni bora kwao kuliko mtumishi. Dada yangu, jaribu hili leo usiku. Aliyefundishwa alikuwa mwanamke mwenye mikono iliyochoka kama yako.

*Na siku itakayokushinda?*

Itakuja. Mtoto ataumwa, utakesha. Basi litaharibika njiani, utafika nyumbani usiku wa manane. Siku hiyo usiseme nimeshaharibu. Mtume (s.a.w.) na masahaba wake safarini waliwahi kupitiwa na usingizi mpaka jua likawaamsha, na Bilal (r.a.) ndiye aliyekuwa zamu. Hawakukata tamaa. Walitawadha, wakaswali, wakaendelea na safari. Aliyepitiwa na usingizi anaswali pale anapoamka, maadamu hakukusudia kuzembea.

Na kwa upande wa nyiradi, tumefundishwa katika hadithi ya Umar (r.a.) kwamba aliyelala akakosa uradi wake wa usiku, akausoma kati ya Alfajiri na Adhuhuri, huandikiwa kama aliyeusoma usiku. Mlango wa kufidia uko wazi mpaka Adhuhuri. Hata gengeni, wateja wakipungua saa 4, unaweza kulipa.

*Kazi ya leo*

1. Leo usiku chagua jambo MOJA tu la asubuhi. Moja. Linaloingia katika kazi yako, lisilozidi dakika 10.

2. Mwambie mtu mmoja nyumbani, mke, mume au mwanao, ili mkumbushane.

3. Lifanye siku zote zilizobaki za Ramadhani. Hizi ni siku za kupanda mbegu.

4. Usiku wa Idd usiifute kengele ya daku kwenye simu. Isogeze tu mbele iwe ya Alfajiri. Asubuhi ya Idd Mosi, na ya Idd Pili, fanya jambo lako lile lile. Ukivuka siku hizo mbili, inshaallah mengi yatakuwa mepesi.

Dada yangu uliyeuliza, mimi nakushauri uchukue nyiradi za jikoni. Usiongeze kitu mpaka Shawwal iishe. Na baba watoto akisoma hapa, bila shaka ameshajua kazi yake.

Ewe Mola wetu, tubarikie asubuhi zetu na riziki zetu. Wape wepesi mama zetu wanaoamka kabla yetu. Usiifanye Alfajiri yetu kuwa ya mwezi mmoja. Utufikishe kumi la mwisho tukiwa na afya na imani, na utukubalie swaumu zetu. Amin.

Mtumie na mwenzako, lakini si saa ya Alfajiri 😊

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.